Kuwafundisha Kuku Giza

Miaka ile ya amani, Juba ilipokuwa mji wa mahoteli ya mahema, nilifuga kuku wa nyama mtaa wa Hai Malakal, mia mbili, kwenye banda la mabati nyuma ya chumba nilichopanga. Vifaranga walitoka Kampala kwa basi, ndani ya maboksi. Mimi pia nilikuja hivyo hivyo, ila wao walitobolewa matundu ya kupumulia.

Aliyenifundisha ufugaji alisema kuku asiyeona mwanga hawezi kula, na asiyekula hanenepi. Basi nikapatana na jirani yangu kinyozi, Mganda mwenzangu, anivushie waya wa jenereta yake juu ya ua, balbu ziwake mpaka asubuhi. Alitaka nilipie kila balbu peke yake, zote nne. Nikamwambia hizi si wageni wanne wa hoteli, kila mmoja na kitanda chake. Akacheka, akapunguza.

Kuanzia hapo, mtaa mzima ukiwa gizani, banda langu lilikuwa linawaka kama arusi. Jioni nikikosa wa kuongea naye niliingia humo, nikapindua ndoo, nikakaa. Walikuwa wakila. Mtu akila mbele yako, upweke unakaa mbali kidogo.

Jioni moja kinyozi alizima jenereta aongeze petroli. Kuku wangu hawakuwa wamewahi kuona giza tangu watolewe maboksini. Walikimbilia kona moja wote, wakapandana. Niliwafukua kwa mikono. Saba wa chini walikuwa wamekosa pumzi. Nikahesabu tena, nikiomba niwe nimekosea. Saba.

"Pole, ssebo," kinyozi akasema juu ya ua. "Lakini iko mbaya kuliko hiyo. Lori ya mafuta imekwama matopeni, njia ya Nimule. Petroli yangu inatosha mpaka Jumamosi tu."

"Na baada ya Jumamosi?"

"Mimi nitanyoa watu na jua. Wewe sijui."

Nilijua. Kama hawajalizoea giza kufikia Jumamosi, ile kona ingewamaliza wote.

Nikatafuta magunia, blanketi langu, na turubai kuukuu. Kila mchana nilifunika madirisha pole pole, moja baada ya jingine, ili mwanga upungue kama jua linavyotua, nami nikabaki ndani nikiongea nao. Niliwaambia: leo kidogo tu, kesho tutaongeza. Hawakujibu. Biasharani asiyejibu amekubali.

Mama mmoja, mwenyeji wa Juba aliyerudi kutoka ukimbizini Uganda, alikuwa akiuza chai mbele ya ua wetu. Aliona madirisha yamezibwa na jua liko utosini.

"Ya zol, wewe bwana, kuku yako iko mgonjwa?"

"Hapana, mama. Nawafundisha giza."

Aliweka birika chini. "Giza iko na mwalimu? Sisi hapa tulijifunza bila shule."

Wateja wake wakacheka, nami nikacheka, nikarudi ndani. Humo joto lilikuwa kali, maranda ya sakafuni yakinuka kinyesi, na kuku wakihangaika kwa sauti ya kulalamika. Siku za kwanza nilikuwa nikiwatawanya kwa mikono. Baadaye niliwasikia wakinung'unika kidogo, kisha wakikaa.

Jumamosi, jua lilipozama, jenereta ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Nilikuwa tayari nimesimama kwenye kona ile ile, miguu nimeitanua, mikono mbele, niwazuie watakapokuja. Nilisikia mbawa, kisha kilio kimoja, kisha kingine. Kisha maranda yakachakarika, mia na tisini na tatu wakijilaza kila mmoja alipo.

Nilingoja. Nilisema nao kidogo, kama mchana.

"Ya zol!" mama wa chai akaita nyuma ya mabati, akifunga vyombo vyake. "Wamekufa?"

"Wamelala, mama."

"Kumbe! Basi toka, funga mlango, enda kwako. Wanakuhitajia nini sasa?"

Nikasema nakuja. Nikamsikia akiondoka, masufuria yakigongana mpaka barabarani. Mimi nilibaki konani, mikono bado nimeinyoosha, muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Hakuna aliyekuja.