Thekla na Matofali ya Lambros

Wananiambia niandike habari za Thekla Kanaris, ati kwa kuwa mimi, Arvilla Stoltz, nimemimina kahawa mgahawani kwake tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Mkono wangu umezoea sinia, si kalamu. Wenye shule wamejaa Pennsylvania nzima, lakini kazi ikiwa ngumu mlango unaogongwa ni wangu. Haya, nimekaa. Someni hivyo hivyo.

Thekla na mumewe Lambros hawakujenga mgahawa. Enzi zile mgahawa uliagizwa kiwandani New Jersey, nao ukaja mzima juu ya lori kama behewa la treni, viti vya kuzunguka vimeshafungwa, hata saa iko ukutani. Siku ulipoteremshwa kando ya barabara yetu, Thekla alikuwa bibi harusi. Ulikuwa wa chuma cha pua, unametameta, na yeye akijitazama ubavuni mwake akifunga kitambaa cha kichwa. Kila asubuhi aliufuta kwa siki kabla hajapasua yai.

Kisha ikaja barabara kuu mpya ng'ambo ya kilima, madereva wakaifuata. Barabara yetu ikanywea. Watu wakasema chuma kimepitwa na wakati, mteja sasa anataka mahali panapofanana na nyumbani. Kila mwenye mgahawa akaufunika wake kwa matofali. Lambros naye, ambaye hakuwa mwashi hata wa banda la kuku, akaanza kuuzungushia ukuta kila Jumatatu, siku tunayofunga.

"Ulinioa ukanipa behewa la fedha," Thekla akamwambia mbele ya wateja, "sasa unanipa choo cha shule!"

"Utakizoea, mke wangu."

"Na huo mstari chini ya dirisha umepinda. Ulilewa?"

"Nilikuwa nakutazama wewe dirishani."

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Thekla hakucheka. Hakumwachia hata siku moja. Mgeni akiuliza choo kiko wapi, alimjibu, "Umo ndani yake."

Lambros akafa. Tukadhani matofali yatavunjwa baada tu ya mazishi. Wapi! Fundi wa bomba alipotaka kutoboa tundu moja tu, Thekla alimtimua kwa mwiko wa kugeuzia mayai.

Sasa kiwanja, ambacho hakikuwa chao, kimeuzwa. Wanunuzi wanataka kujenga duka la dawa, mgahawa upondwe. Chama cha kuhifadhi majengo ya kale kikamtuma Bwana Ostrander: watauhamishia karibu na stesheni ya zamani, na Thekla aendelee kupika humo humo.

"Ila, Mama Kanaris, ukiwa na matofali lori haliuwezi. Lazima yatoke."

"Basi usibebwe."

"Mgahawa utapondwa, mama."

"Nimesikia, si kiziwi mimi. Kula pai yako."

Nikamfuata jikoni. "Shoga yangu, kichwa chako kigumu kama sufuria. Si umeyatukana hayo matofali miaka yote?"

"Niliyatukana yeye akinisikia," akasema. "Nikiyavunja, nitagombana na nani?"

Hapo nilikata vitunguu.

Jumatatu iliyofuata nikamkuta nje, nyundo mkononi. "Nitagombana nayo hata yakiwa chini," akasema. Hakuanzia pembeni. Alianzia chini ya dirisha, kwenye mstari uliopinda. Tofali la kwanza lilipotoka, chuma kikachungulia kwenye vumbi. Akatema mate kwenye pindo la aproni, akafuta, akainama kutazama.

"Arvilla, nimezeeka."

"Chuma hicho kichafu. Futa tena."

Hapo ndipo alipocheka.

Bwana Ostrander akasema ataleta gari la takataka lichukue matofali. Thekla akamtazama, yule bwana akarudisha simu mfukoni. Hakuna tofali litakalotupwa. Yatatandazwa kule stesheni, yawe njia ya kuingilia mlangoni, na ule mstari uliopinda utalazwa ukiwa umepinda vile vile.

Lakini kila tofali lazima likwanguliwe saruji kabla lori halijaja, mwisho wa mwezi. Yamerundikana nyuma ya nyumba yangu, na magoti yetu yamechoka. Nanyi mlionisumbua niandike, mmekula pai ya Thekla tangu hamjaota meno ya pili. Njooni Jumatatu na patasi zenu. Kahawa nitamimina mimi, ila mikono yako ikiwa safi hupati.