Lori Ambalo Nilithibitisha Halipo

Honi ya lori ilipolia mara tatu nje ya ghala la viazi, nilikuwa nimesimama mbele ya akina mama ishirini na wawili wa kikundi cha mama yangu, hapa Kibirichia, nikiwaeleza kwa ushahidi kwamba lori hilo halipo. Nawasimulia aibu hii mwenyewe kwa sababu najua mmekwisha kuisikia kwa watu wengine, na imewafikia ikiwa na polisi na mawe, ilhali hapakuwa na polisi wala mawe. Palikuwa na mimi tu, na mimi nilitosha.

Kikundi kina anwani ya barua pepe, na mwenye kuisimamia ni mimi, kwa kuwa nasomea uzamili wa takwimu na kwa hiyo (hivi ndivyo akina mama wanavyoamini) najua kila kilichomo ndani ya kompyuta. Humo huingia uchafu wa kila namna: mirathi ya matajiri waliokufa bila ndugu, kazi za kutazama video ukilipwa kwa saa, sarafu za kidijitali zinazozaana kama sungura. Nilikuwa nimejitungia orodha ya alama kumi na moja za utapeli, kila alama na uzito wake, na kabla hamjanicheka, kumbukeni kwamba orodha hiyo ilikuwa haijakosea hata mara moja. Kilichonifanya niitunge sikumwambia mtu. Miezi michache kabla ya hapo nilialikwa kwa barua pepe kwenye kongamano la wasomi, nikalipa ada, nikashona suti, nikaenda hadi Embu mjini na hotuba yangu mkobani, na mhudumu wa hoteli akaniuliza kwa upole kama nimekuja kwa harusi au kwa mazishi, maana siku hiyo walikuwa na hafla hizo mbili tu.

Basi nikiwa katika hali hiyo, ikaingia barua ya mtu aliyejiita Njeru, wa Kianjokoma, kulekule Embu. Alisema ameanzisha kiwanda kidogo cha krispi, anatafuta viazi, atanunua kwa kilo, atakuja na mizani yake, na lumbesa haitaki kabisa. Hapo ndipo nilipoweka kikombe chini. Tangu nizaliwe sijaona mnunuzi wa viazi asiyetaka lumbesa, yaani lile gunia linaloshonewa wavu juu na kujazwa hadi lionekane kama mtu aliyevaa kilemba, ambalo mkulima hulipwa kama gunia moja tu. Mnunuzi anayekikataa kilemba hicho ni sawa na fisi anayeomba mboga. Nikaipima barua kwa orodha yangu, ikapata alama tisa kati ya kumi na moja: amepata wapi anwani yetu, kwa nini ana haraka, kwa nini ametoa namba ya simu kirahisi hivyo, pale chini kabisa, kama chambo.

Ningeifuta tu, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nilitaka (na huu ndio uamuzi mdogo ulioniponza) ajue kwamba amegunduliwa. Nikamwandikia kwa Kiswahili sanifu, nikabonyeza, nikaenda kunywa chai nikijiona mshindi. Hakujibu. Kimya chake nikakihesabu kuwa ni kukiri kosa.

Alhamisi ile kikundi kilikutana ghalani, na mwenyekiti, Mama Gakii, akaniomba niwafundishe jinsi ya kuwatambua wakora wa mtandaoni. Nikawasomea barua ya Njeru kama mfano bora. Nyuma yetu viazi vilikuwa vimelala, vimechimbwa tayari, vikimngoja dalali wa Jumamosi na nyavu zake, kwa sababu kiazi kikishatoka udongoni hakina subira, na dalali analijua hilo kuliko sisi. Mama yangu aliposikia maneno "bila lumbesa" aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Na hakuna uwezekano hata kidogo kwamba ni kweli?"

"Hakuna, mama. Lori hilo liko kwenye barua tu."

Ndipo honi ikalia.

Mtu mwingine angekwenda kuchungulia. Mimi nilifikiri, na nilifikiri kwa kina, nikafikia hitimisho kwamba tapeli anayethubutu kuja na lori halisi ni hatari kuliko wote, kwa hiyo nikafunga lango kwa komeo na kuwaambia akina mama wasimwache aondoke. Mama Gakii ni mtu asiyefanya kazi nusu. Alitoka kwa mlango wa nyuma akiwa na kijiti, na baada ya dakika chache tukasikia tairi la nyuma likipumua kwa muda mrefu sana.

"Sasa hii gari haiendi mahali," alisema aliporudi, akijipangusa mikono.

Mzee mmoja mwenye sweta akashuka, amekumbatia mizani kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, akabisha hodi langoni.

"Natafuta Kendi," alisema. "Nimeitwa."

"Nani amekuita, mzee?" Mama Gakii akamuuliza kupitia tundu la lango. "Na hii anwani yetu ulitoa wapi?"

"Hapo," akasema, akionyesha ukuta wa ghala kwa kidevu, mahali ambapo mimi mwenyewe niliiandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa kama mkono wangu. Kisha akatoa karatasi mfukoni, akavaa miwani, akasoma polepole, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusoma kanisani: "Bwana Mnunuzi, ikiwa kweli upo, fika Kibirichia Alhamisi saa nne asubuhi ukiwa na lori lako na mizani yako isiyopenda lumbesa. Tutakupokea kwa heshima unayostahili."

Akakunja karatasi, akageuka, akalitazama tairi.

Hakuna mama aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Mama yangu aliuliza jambo moja tu.

"Kendi, hiyo namba iliyokuwa chini ya barua, ulipiga?"

"Sikupiga."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa alama ya nane."

"Haki huyu mwari wetu amesoma," Mama Gakii akasema, na hapo wakacheka wote.

Tulimwomba msamaha, tukampa chai, tukatuma pikipiki sokoni ikamlete fundi na pampu ya upepo, kazi iliyochukua hadi alasiri. Mzee Njeru alishika kiazi kimoja, akakigeuza, akakirudisha mahali pake. "Waru yenu ni nzuri," alisema. "Lakini mimi ndio naanza. Nikinunua kwa watu wanaoniona mwizi, jambo dogo likitokea mtasema ni yule wa Embu." Akaondoka na lori tupu.

Jumamosi dalali alikuja, akachukua nusu. Niliona mama yangu akijaza kilemba cha gunia kwa karai, karai baada ya karai, bila kuniangalia na bila kunilaumu. Nusu iliyobaki tuliifunika magunia isiingiwe na mwanga ikageuka kijani.

Orodha yangu bado ninayo, na bado naiamini. Nimeiongezea mstari mmoja tu juu ya yote, kwamba kabla sijapima chochote nitapiga simu kwanza, na Jumatatu asubuhi nikautii.

"Nani?" Nyuma ya Mzee Njeru nilisikia mafuta yakichemka.

"Ni Kendi, wa Kibirichia. Bado tuna nusu ya viazi."

"Kendi yupi? Kuna mtu aliniandikia barua kwa jina hilo, akaniharibia siku."

Sikuwa na ushahidi wowote. Nikamweleza kile nilichokuwa sijamweleza hata mama: ada, suti, hotuba mkobani, mhudumu wa hoteli.

"Harusi au mazishi," akarudia, akacheka hadi akakohoa. Kisha nikasikia akivuta karatasi.

"Basi sikiliza, mwari. Ikiwa kweli upo, fika Kianjokoma Alhamisi saa nne asubuhi, na gunia moja la kuonja, lishonwe usawa wa mdomo. Tutakupokea kwa heshima unayostahili."