Faili Iliyobaki na Kanuni ya Zamani

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za vita, Amisi mwanangu, haikuwa na risasi hata moja. Ilikuwa asubuhi pale Kasuku, mtaa wetu wa Kindu, mwanamke amesimama mbele ya meza yangu, nami namwambia mtoto wake hayupo kwa sababu kompyuta imesema hayupo. Nakusimulia leo kwa kuwa jana nilikuona ukipakia faili za programu yako ya zahanati kwa mkono, moja baada ya nyingine. Nilipokuuliza mbona hujaandika ipi inategemea ipi, ukacheka: "Mama Zubeda, mupango yote iko mu kichwa yangu." Maneno hayo nilishayasikia zamani, kwa mtu mwenye akili kutushinda sisi wote wawili.

Mtu huyo tulimwita Papa Radjabu. Alijifunza Lisp, lugha ya kuandikia programu, huko Lubumbashi kabla ya vita, akarudi nyumbani Kindu, na watu walipoanza kukimbilia porini akaandika programu ya kutafuta watoto waliopotezana na wazazi wao. Habari za watoto zilitufikia kwa foni, ile redio ya kuitana, kutoka misheni za mbali. Mimi nilikuwa msichana wa kuziingiza kwenye mashine, na taratibu akanifundisha lugha yenyewe. Mzazi akija, tunaandika jina, kijiji na umri wa mtoto, programu inatafuta. Kompyuta ilikuwa moja, kuukuu, na jenereta yake ilikunywa mazuti, yaani dizeli, ambayo mjini yalikuwa shida kupata kuliko chumvi.

Shida hiyo ya mazuti ilituzoesha jambo moja. Kujenga programu nzima kutoka mwanzo kulimaliza dumu letu, kwa hiyo tulijenga ile faili tuliyoigusa tu. Jioni tunahifadhi kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya mashine kama kilivyo, kesho yake tunaendelea pale pale. Hakuna aliyekumbuka ni lini programu ile ilijengwa kuanzia patupu. Papa Radjabu alijivunia kubana mazuti huko, na mimi nilimpigia makofi.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penyewe. Watoto wengine foni ilitupa umri waliopatikana nao, wakati mama anakumbuka umri aliompoteza nao, na miaka ilikuwa imepita katikati. Papa Radjabu akabadilisha kanuni ya umri ili ihesabu na hiyo miaka. Kanuni yenyewe ilikuwa makro, na ilikaa kwenye faili yake. Makro unaijua: faili inayoitumia ikijengwa, inanakili kanuni na kuitia tumboni mwake. Ukibadilisha kanuni baadaye, faili ile haina habari, inaendelea na nakala iliyomeza siku ilipojengwa. Tulijenga faili ya kanuni. Faili ya utafutaji hatukuigusa, na hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba moja inaitegemea nyingine. Mashine haikulalamika, na sisi tukaondoka tukiwa na furaha.

Ndipo akaja Mama Feza. Alikuwa mkulima wa upande wa Kailo, amehamia Mikelenge, mtaa mwingine wa mji, kwa kaka yake. Walipokimbia, binti yake Aziza alimchomoka mkononi njiani, na ilikuwa zamani kidogo.

"Minatafuta mutoto wangu," aliniambia. "Ndugu za bwana yangu wanasema inatosha. Ijumaa wanasoma hitima, tunaanua matanga. Kisha pale hakuna mutu atanisikiliza tena."

Nilielewa vizuri sana. Mtoto akishasomewa hitima, mama akiendelea kumtafuta watu wanamwona amechanganyikiwa. Niliandika yote aliyoniambia. Programu ikajibu hakuna.

"Haiko, mama. Pole."

Hakulia. Alifunga upya kitenge chake kiunoni, akasema asante, akatoka. Ile asante iliniuma.

Ijumaa asubuhi alikuja mfanyakazi mgeni, nikataka kumwonyesha jinsi kanuni mpya inavyofanya kazi. Nikachukua mfano wa mvulana niliyemjua, ambaye umri haukulingana, tukampata kwa kupekua orodha kwa macho na kumrudishia mama yake. Kwa kanuni mpya lazima aonekane. Programu ikasema hakuna. Nikarudia. Hakuna. Nikamwita Papa Radjabu. Alisimama nyuma yangu akitazama kioo cha mashine.

"Ile faili ya kutafuta," aliniuliza, "tuliijenga tena?"

"Hapana, Papa. Hatukuigusa."

Akakaa kwenye benchi. "Basi iko inatumia kanuni ya zamani. Mi nilijua zinafuatana, lakini mashine haikujua. Nani angeliiambia?" Kisha akainuka. "Zima yote. Anza patupu. Jenga kila kitu, mazuti yaishe kama yanataka kuisha."

Mazuti yalikaribia kuisha kweli. Lakini programu ilipoamka nikaandika tena jina la Aziza, kijiji chake na umri wake, na pale juu akatokea msichana mmoja aliye kwenye misheni ya upande wa Kibombo. Nilichukua kinga ya Papa Radjabu, baiskeli isiyo na breki, nikakanyaga hadi Mikelenge nikiwa nimejawa na hofu tupu.

Mikeka ilikuwa imetandikwa, sufuria ziko motoni, shehe ameshakaa. Nilipiga magoti mbele ya kaka mtu nikamwambia kwamba jibu letu halikuwa la kweli, na kwamba kuna mtoto anayefanana na Aziza. Sikuahidi kwamba ni yeye. Wazee walinung'unika, mmoja akasema ofisi inacheza na machozi ya watu. Shehe ndiye aliyesema, "Tungoje. Dua iko palepale." Chakula tulikila, hitima haikusomwa.

Alikuwa Aziza mwenyewe. Alirudi njia ilipofunguka, amerefuka, anamwonea mama yake haya. Mama Feza alimleta ofisini tumwone, tukalia wote pamoja na Papa Radjabu. Mama Feza alipojifuta uso akaniuliza jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

"Na wale wengine?" alisema. "Wale muliwaambia haiko, kabla mutengeneze. Nani aliwaendea na kinga?"

Siku ileile tulianza kuwatafuta. Tuliwapata wengi, na wachache miongoni mwao tuliwapa habari njema. Lakini kuna mama mmoja aliyekuwa amebeba kiatu cha mwanawe, kiatu kimoja cha plastiki. Alikuwa ameshavuka Lualaba kwenda ng'ambo, hakuna aliyejua wapi. Majibu ya mtoto wake tulikuwa nayo. Hatukumwona tena mpaka leo.

Kwa hiyo, mwanangu, usinicheke ninapokusumbua. Kila moduli inayotumia ya mwenzake, andika hivyo kwenye faili ya mfumo, ile inayoiambia mashine ipi inategemea ipi, makro kwanza kabisa. Andika zile za kweli tu. Papa Radjabu baada ya kushtuka alitaka kila faili itegemee kila faili, nikamwambia hapo mazuti yatatumaliza. Tuliandika zilizo za kweli, na mashine yenyewe ikajua cha kujenga upya na cha kuacha. Ukikuta mbili zinategemeana huku na huku, toa zinachogawana ukiweke kwenye faili ya tatu. Na mara kwa mara zima Lisp yako, uanze patupu. Kwako inatembea kwa sababu asubuhi ulishaipakia yote kwa mkono. Kwenye mashine ya zahanati hakuna mkono wako. Na siku ukigundua kosa, usirekebishe ukakaa. Uliza nani alishapewa jibu, umfuate.

Mungu akupe akili iliyotulia na miaka mingi ya kazi. Akuepushe na asante kama ile niliyopewa mimi. Na yule mama wa kiatu, popote alipo, Mungu amfikishie jibu ambalo sisi tulichelewa nalo. Haya, fungua hiyo faili ya mfumo, tuanze kuandika.