Niliishia Kumi na Tisa

Mimi darasani huwa sisemi. Mwalimu wa hesabu akiniita, naangalia viatu kana kwamba jibu liko kwenye kamba. Kwa hiyo aliposema nafasi ya mwisho katika timu ya hesabu ni ya atakayeeleza ubaoni jambo aliloligundua mwenyewe, nilijua si yangu. Na bado niliitaka kuliko chochote.

Jumamosi nilikuwa saluni ya mama, Randburg, hapa Johannesburg, nikimpasia meshi, yale mafungu ya nywele za kusukia. Mteja alitaka nyekundu na nyeusi. Nikaanza mchezo wangu: nyekundu ni moja, nyeusi ni sifuri, kama kompyuta inavyoandika namba. Nyekundu mbili mfululizo ni moja na mbili, yaani tatu. Nyekundu tatu ni moja, mbili na nne, yaani saba. Tano, thelathini na moja. Saba, mia moja ishirini na saba. Zote namba tasa, hazigawanyiki. Nne zilitoa kumi na tano, inagawanyika, lakini hata nne yenyewe inagawanyika. Basi, idadi ya nyekundu ikiwa tasa, namba yake nayo ni tasa. Nikajiona profesa, kitana mkononi.

Nikajaribu nyekundu kumi na moja: elfu mbili arobaini na saba. Nikaigawanya kwa tatu, kwa tano, kwa saba, nikapanda mpaka kumi na tisa. Ikagoma kugawanyika.

"Mama, leta meshi," mama akaniita. Sisi Wakongo binti naye ni mama.

Nikaacha hapo. Imetosha, nikajiambia.

Jumatatu nikasimama ubaoni, nikaandika namba zangu mpaka elfu mbili arobaini na saba, sauti kama ya mbu. Msichana wa dawati la nyuma akasema, bila hata kuinua kichwa, "Gawanya kwa ishirini na tatu."

Nikagawanya. Themanini na tisa kamili.

"Wewe uliishia wapi?" mwalimu akauliza.

"Kumi na tisa."

"Kwa nini?"

"Mama alikuwa anataka nywele."

Sijawahi kusema sentensi ndefu hivyo darasani. Walicheka mpaka kengele. Nafasi ikaenda dawati la nyuma, kwa haki kabisa.

Jumamosi iliyofuata nikaja saluni na daftari: nyekundu kumi na tatu, elfu nane mia moja tisini na moja.

"Mama, leta meshi."

"Subiri, niko ishirini na tisa."

Mama akageuka. Sijawahi kumwambia mtu yeyote asubiri.

"Eish," mteja akasema kwenye kioo. "Na unaishia ngapi?"

"Themanini na tisa. Tasa inayofuata, ukiizidisha kwa yenyewe, inaipita namba yangu."

Mama akafikiri kidogo. "Sawa. Gawanya huku unakuja."