Nilipokataa Kwenda Eldoret

Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameshawatangazia watu wa kanisa letu pale Mumbuni kwamba naenda chuo kikuu Eldoret. Walinipongeza mlangoni nikatabasamu kwa meno tu. Moyoni nilikuwa nimeshachagua kusomea umeme katika chuo cha ufundi kilicho ng'ambo ya barabara, karibu na kwetu.

Nilimwambia tukiwa mezani. Aliweka kijiko chini.

"Rudia."

Nikarudia.

"Nimefundisha watoto wa watu wakafika mbali, halafu wangu abaki hapa akipanda ngazi na waya shingoni?"

"Nataka kusoma karibu, Baba."

"Karibu na nini? Uko na nini hapa?"

Sikumjibu, maana Mama alikuwa ameketi pale pale akichambua mbaazi. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Msimu wa palizi alianguka shambani, na Baba akampita akidhani amejipumzisha. Mimi ndiye niliyemkuta, ametota jasho, hanijui. Tangu hapo sikumwamini Baba hata kumwachia chungu jikoni.

Baba aliacha kusema nami. Akitaka chumvi, alimwambia Mama aniambie. Kanisani mama mmoja akaniuliza, "Kwani ulifeli?" Nikamwambia aulize vizuri au anyamaze. Hilo nalo lilifika nyumbani kabla yangu.

Nilidhani Mama atakuwa upande wangu. Nilipomletea maji jikoni alinigeukia.

"Ni mimi umebakia?"

"Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba, "ukianguka tena..."

"Nilikuomba? Mimi nilizuiliwa kutoka hapa kwa sababu nyanya yako alikuwa mgonjwa. Nikaapa wewe utatoka. Sasa umenifanya niwe yeye."

"Hakuna mtu amenizuia."

"Basi uache kunikodolea macho kila nikisimama."

Masomo yakaanza. Saa ya chakula nilikuwa nakimbia nyumbani kuona kama amekula. Akisikia geti, anafunga mlango wa jikoni kwa komeo. Nazungumza na mbao.

"Umekula?"

"Nenda darasani!"

Siku nyingine nilimchukia mpaka nikakata waya usiofaa karakanani, na mwalimu akanitoa nje nisije nikajiumiza. Kesho yake nilirudi mlangoni tena, nimekasirika vile vile.

Mchana mmoja hakujibu. Nilipiga kelele, nikapiga teke, mlango ukang'oka bawaba. Alikuwa sakafuni, anatetemeka, macho yamegeuka. Nilimwinua, nikamtilia mdomoni maji ya sukari kidogo kidogo huku nikimtukana kwa Kikamba, maneno ambayo sijawahi kuyasema tena. Jirani alileta gari. Hospitalini alifumbua macho.

"Umevunja mlango wangu," akasema.

"Nitavunja na mwingine."

Baba alifika jioni. Hakuniuliza kitu. Alimuuliza muuguzi.

Nilimaliza kozi. Siku hizi naweka umeme kwenye majengo mapya upande wa Kyumbi, na bado nalala Mumbuni. Wageni wakija, Baba huwaambia kwamba niliitwa chuo kikuu Eldoret nikakataa. Husema hivyo nikiwa nimesimama hapo na sinia ya chai. Siku ya mahafali yangu Baba hakuja. Mama alikuja, akaketi nyuma kabisa na kitambaa chake cha kanisani, akaondoka kabla hawajapakua chakula. Nilimwona akitoka. Sikumwita.