"Jiuzeni," Alisema Mwezeshaji

Juzi redioni kijana mmoja aliwahimiza wasanii wajiuze mtandaoni, nikaizima redio kwa kofi. Miaka imepita, hasira haijapita. Neno hilo liliwahi kunifungia mlango wa kazi yangu, na aliyelileta alilipwa posho kwa kulisema.

Ilikuwa wakati ule soko huria lilipotufikia Newala, nasi tulilipokea kwa ndoo. Ndoo za plastiki, nyekundu na bluu, zilishushwa sokoni kwa malori, na haukupita muda mrefu kijiji chetu kizima cha Kitangari kikaacha kuteka maji kwa mtungi. Mama yangu na dada yake, mama mkubwa, walikuwa wafinyanzi. Mimi pia. Niliona mtungi wa maji umekufa, nikaanza kufinyanga vyungu vidogo vya maua, nikavichora shingoni michoro ile ile waliyochanjwa bibi zetu usoni. Vilikuwa vizuri. Nasema mwenyewe, sioni haya.

Kwa hiyo nilipoitwa Masasi kwenye semina ya ujasiriamali kwa wasanii, nilikwenda kwa moyo wote. Walikuwapo wachonga vinyago, wanawake wa batiki, wapiga gitaa, na mimi wa vyungu. Mwezeshaji alitoka Dar es Salaam, shati limenyooka, kalamu nene zimejipanga mfukoni. Akatufundisha kuandika mpango wa biashara. Kwenye nafasi ya washindani niliandika: ndoo ya plastiki. Alicheka mpaka akashika meza.

"Hapana, dada. Washindani wako ni wafinyanzi wenzako."

Akalikata jibu langu kwa kalamu yake nene. Yaani mama yangu na mama mkubwa, walionifundisha kukanda udongo, ndio nipambane nao. Ndoo akaiacha iendelee na safari yake.

Kesho yake akatuambia tutakwenda kwenye duka la intaneti, lililokuwa geni mjini, kila msanii atengenezewe ukurasa wake. Akapiga makofi. "Sasa tunajiuza! Jiuzeni, jamani! Usipojiuza, nani atakununua?"

Wanawake wa batiki wakatazama chini. Mtu yeyote anayesema Kiswahili anajua mwanamke anayejiuza ni nani, na anasimama wapi. Bwana yule alikuwa amelitoa neno lake kwenye Kiingereza, akalileta kwetu lilivyo, wala hakujali linaanguka kichwani kwa nani. Akaninyooshea kidole.

"Tuanze na dada wa vyungu. Wewe utajiuza vizuri, una sura."

Wachonga vinyago wakaangua kicheko. Nikavumilia. Akanivua kanga kichwani, akanipiga picha nimekumbatia chungu. Nikavumilia tena, maana nilitaka vyungu vyangu vionekane na watu wa mbali.

Mchonga vinyago mmoja, mtu wa Mnyambe, aliifanya habari hiyo kuwa kichekesho sokoni Newala. Pale sokoni watu walicheka. Ilipofika kwetu Kitangari, kichekesho kilikuwa kimedondoka njiani, limebaki neno tupu: binti wa mfinyanzi anajiuza mtandaoni, Masasi. Mtandao wenyewe hakuna aliyekuwa ameuona. Wengine walidhani ni jina la baa.

Sasa, kwetu kuna mwiko. Mwanamke aliyelala na mwanamume usiku hashuki kwenye shimo la udongo asubuhi yake. Akishuka, vyungu hupasuka motoni. Nilikuwa sijaolewa, na wala sikuwa na mtu. Lakini baada ya semina tulichoma vyungu kwa nyasi zilizonyeshewa na mvua ya ghafla, vikapasuka karibu vyote. Mama mkubwa, ambaye ndiye aliyetuongoza shimoni, alisimama mbele ya vigae vile, akasema bila kunitazama, "Asishuke tena."

Nilimgeukia mama. Alikuwa akiokota vigae.

Msimu mzima nikakaa nyumbani. Nilifagia, nikateka maji kwa ndoo ileile niliyoichukia, nikaokota korosho mashambani kwa watu. Wenzangu walipopanda kutoka bondeni na udongo vichwani, niliingia ndani nisiwaone. Usidhani nilikuwa na huzuni. Nilikuwa na hasira, tena nyingi, na sikuwa na pa kuitupia.

Asubuhi moja wanawake walikuwa wamekusanyika uani kwetu, majembe mkononi, tayari kushuka. Gari likasimama. Ni yeye, na shati lake.

"Shikamooni, mama zangu!"

"Marahaba."

Akanigeukia. "Dada, umepotea! Kuna mwenye hoteli ameuona ukurasa wako, anataka vyungu. Barua pepe zinakuja, mbona hujibu?"

Hapo ndipo nilipoona pa kusafishia jina langu. "Kaka," nikasema, "waambie hawa mama zangu nilifanya nini kule Masasi. Waambie wewe mwenyewe." Nilitegemea ataje vyungu. Picha. Hata kompyuta.

Akanyoosha kola. "Mama zangu, binti yenu alijiuza kuliko wote! Na ninyi msibaki nyuma. Jiuzeni!"

Mama akaliweka jembe chini taratibu. Nilitamani ardhi immeze yeye, si mimi. Mama mkubwa akamsogelea, akamkagua kuanzia viatu hadi kola.

"Na wewe, baba, unajiuza?"

"Kila siku, mama! Hata hapa nilipo najiuza."

"Kwa nani?"

"Kwa yeyote anayenihitaji."

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mmoja alikaa chini kabisa, mwingine akashikilia mti wa mkorosho. Mwezeshaji naye akacheka pamoja nao, amefurahi kwamba somo limeeleweka. Mama mkubwa alijifuta machozi kwa ncha ya kanga, akaokota jembe la mama, akaninyooshea.

"Haya, shika, mwanangu. Twende, jua linapanda."

Alisema kana kwamba nilikuwa nimechelewa tu kwa kuosha vyombo. Sikulipokea.

"Mama mkubwa, niulize na mimi kwanza."

"Nikuulize nini?"

"Hicho ulichomuuliza yeye."

Kicheko kikakatika. Mgeni yule, mwanamume, ameshuka garini sasa hivi, ameulizwa na amepewa nafasi ya kujibu. Mimi, niliyelala mapajani pake nikiwa mtoto, sikuwa nimeulizwa na mtu hata siku moja. Mama mkubwa akatazama jembe. Mama naye akatazama jembe. Nikasubiri, na hawakuniuliza.

Nikalichukua jembe mkononi mwake, nikatangulia kushuka.