Profesa Aliyetubu kwa Kalamu

Sifichi: yule mzee nilimchukia, na nikikutana naye kesho nitavuka barabara nisimsalimie. Alikuwa Mfaransa, profesa wa mambo ya nyuklia. Kampuni moja ilimleta Riyadh awashauri Wasaudi waliotaka umeme wa aina hiyo, na mimi nikapewa kazi ya kumwendesha. Miaka ile Wakenya tulikuwa tunamiminika huko, wanaume udereva na ulinzi, wasichana kazi za nyumbani. Mimi nililala Al-Murabba, wanaume sita chumba kimoja. Yeye alilala hoteli.

Maisha yake nayajua kuliko ya marehemu baba. Riyadh mpaka Jeddah ni saa kumi garini, na mtu huyo hakujua kunyamaza. Baba yake alioka mikate. Yeye akapenda hesabu, akasomeshwa na serikali, akaajiriwa kwenye mitambo ya umeme wa nyuklia, kisha akahamishiwa kwenye mabomu. Mabomu hayo hawakuyajaribu kwao, ati. Waliyapeleka visiwani kwa watu wengine, na karatasi za kuyaruhusu alitia sahihi yeye, miaka nenda miaka rudi. Alipostaafu ndipo dhamiri ikaamka. Akaandika insha kuhusu wale watu wa visiwani na aibu yake mwenyewe, ikasifiwa, akapewa tuzo. Akaona kumbe majuto yanalipa, akaandika nyingine, na nyingine.

Siku moja, tulipofika pale njia inapogawanyika na sisi tusio Waislamu tunachepuka tusiingie Makka, nilimuuliza, "Na sasa huku umefuata nini, Profesa, kama mambo haya yanakuuma hivyo?"

Akacheka. "Hilo nalo nitaliandika." Nikadhani ananitania.

Dadangu mdogo alikuwa Jeddah, mtaa wa Aziziya, kwa madam mmoja aliyemnyang'anya simu na kumchoma mkono kwa pasi kwa sababu ya shati lililoungua. Na ni mimi niliyemtafutia hiyo kazi. Nilimwambia mama huku ni kuzuri, asiwe na wasiwasi. Sasa dada aliazima simu ya msichana wa jirani na kila akinipigia neno lilikuwa moja: kaka, nitoe hapa.

Pa kukimbilia palikuwa ubalozi wetu, nao ulikuwa Riyadh, na pasipoti yake ilikuwa kwa kafili, yule mwajiri aliyemdhamini. Msichana wa namna hiyo barabarani hafiki mbali, kizuizi cha kwanza tu anarudishwa. Lakini gari langu halikuwahi kusimamishwa. Polisi walimwona yule mzee kiti cha mbele, wakapunga mkono, yalla, tukapita. Kwa hiyo njia ilikuwa ni yeye.

Nilimwomba tukiwa Balad, ule mji mkongwe wa Jeddah, alipomaliza kupiga picha zile nyumba kuukuu za mawe ya matumbawe. Nilimweleza yote, mpaka habari ya pasi. Akanishika bega, macho yakamlengalenga.

"Mwambie aje," akasema. "Mtu hawezi kukataa jambo kama hili."

Niseme kweli, siku hiyo nilimpenda.

Kesho yake mchana, watu wa nyumba ile wakiwa wamelala baada ya chakula, dada alitoka na mfuko wa takataka kama tulivyopanga. Nikasimamisha gari. Profesa akamwangalia, akaangalia lile lango, akabonyeza kitufe cha kufunga milango.

"Siwezi," akasema. "Nina mkataba. Twende."

"Profesa, uliahidi."

"Twende, tafadhali."

Dada alikuwa ameshika kitasa. Alikivuta mara mbili, akainama kunitazama kwenye kioo. Mimi nikaondoa gari.

Njia nzima mzee hakusema neno, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Alikuwa anaandika kwenye daftari lake.

Baada ya miezi michache akaniletea insha kwa Kiingereza, imechapwa vizuri. "Soma," akasema, "umo ndani." Nikasoma kwa tabu. Alikuwa amemwandika dada, macho yake, vidole vyake kwenye kitasa, na woga wake yeye mwenyewe, kwa maneno matamu mpaka ungemhurumia. Aliniambia mhariri wake huko Paris alilia. Kisha akaniuliza kama ule mfuko wa takataka ulikuwa mweusi au wa buluu, maana hakuwa na hakika na alitaka uandikwe sawasawa. Nilizichana zile kurasa mbele yake. Akasema si kitu, anazo nyingine.

Dada alimaliza mkataba wake kwa madam yule yule, mwaka mzima na zaidi, akarudi nyumbani na ule mkono. Niliporudi na mimi, nilimkuta jikoni kwa mama akichambua maharagwe, nikaketi kumweleza. Nilimtukana yule mzee nisibakize kitu: mabomu, tuzo, kitufe cha milango, machozi yake ya kuandikwa. Nilitaka tumchukie pamoja. Dada akanisikiliza mpaka nikaishiwa, hakuniinulia uso.

"Huyo mzungu mimi simjui," akasema, "wala sikumwomba kitu. Niliyemwomba ni kaka yangu."